Mzito Kuliko Paka

Tarehe 4 Machi

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo Baba. Najua huujui mwandiko huu. Mimi ni mke wa mwanao fundi magari, na mama wa mjukuu wako, ambaye nyumbani tunamwita Kibonge kwa sababu akikukalia mguuni, mguu unakufa ganzi. Tafadhali usiitupe barua hii kabla hujafika chini. Nimeiandika upya, maana ile ya kwanza Kibonge aliila.

Siandiki kuhusu ugomvi wenu wa cheti na spana. Mwanao amesema mguu wake haukanyagi kwako mpaka wako ukanyage kwetu, na nasikia wewe umesema hivyo hivyo, kwa hiyo miguu yote imebaki nyumbani. Mimi siwezi kuamua kesi ya watu wawili wanaofanana namna hiyo. Ningependa tu siku moja mtoto huyu apakatwe na babu yake, na baba yake awe amesimama hapo hapo. Nimesema, sirudii.

Ninachoomba leo ni Kilatini.

Usinicheke, Baba. Nafanya kazi kwenye ghala la mimea mikavu. Watu wanaleta mimea kutoka msituni na milimani, imebanwa ndani ya magazeti mpaka ikakauka, na mimi naishona kwa uzi kwenye karatasi ngumu, jani kwa jani, shina lisicheze. Nikimaliza, Mzee Lebo anaandika chini yake kwa wino mweusi: jina na maelezo, yote kwa Kilatini. Sasa Mzee Lebo anastaafu. Mkuu wetu, tunayemwita Mama Darubini kwa vile kioo chake cha kukuzia hakitoki shingoni, ametangaza kwamba meza ile ataipata atakayefanya mtihani vizuri, hata kama shule aliipitia juu juu. Akasema hivyo huku akiniangalia mimi. Inawezekana aliangalia mlango ulio nyuma yangu, lakini mimi nimechukua kwamba ni mimi.

Kitabu cha Kilatini cha ghala nakisoma wakati wa chakula, na mengi yameniingia. Ila sura ya ulinganishi, ile ya kusema hiki kirefu kuliko kile, imeliwa na mchwa. Imebaki picha ya mtu aliyevaa shuka. Na maelezo ya mimea ni kulinganisha kutupu: huu una majani marefu zaidi, ule maua madogo zaidi. Bila sura hiyo sina mtihani.

Baba Kibonge aliwahi kuniambia, siku aliyokuwa na furaha, kwamba ulifundisha Kilatini mpaka kikaondolewa kwenye ratiba, na kwamba hata kuku ulikuwa ukiwafukuza kwa Kilatini. Hajui kama nakuandikia. Ndiyo maana nimeweka anwani ya kazini.

Mwenye heshima kwako,
Mama Kibonge


Tarehe 13 Machi

Kwa Mama wa mtoto,

Marahaba.

Nitajibu lililoulizwa tu.

Chukua longus, yaani refu. Kata mkia, unga -ior: longior, refu zaidi. Hiyo ni kwa kiume na kwa kike, sawasawa. Kwa jinsia ya kati, kama folium, jani, utasema longius. Neno kuliko ni quam. Sasa mtembeze kwenye hali zake:

longior, anapotenda;
longioris, kitu kinapokuwa chake;
longiori, anapopewa;
longiorem, anapotendwa (jani hapa hubaki longius);
longiore, jambo linapofanyika kwake au kwa njia yake.

Wakiwa wengi: longiores, longiorum, longioribus, longiores, longioribus. Majani mengi ni longiora kila palipo na longiores. Basi, hayo ndiyo yote. Ukimjua huyu mmoja, umewajua ndugu zake.

Angalizo la kwanza. Kiswahili humvisha kivumishi kofia: mtu mrefu, kiti kirefu, watu warefu. Kilatini humvisha viatu. Usimtazame kichwani. Mtazame miguuni.

Angalizo la pili. Katika maneno mengi ya kawaida mume na mke huvaa viatu tofauti: bonus mume, bona mke. Wakianza kulinganishwa, wote wawili wanavaa vya aina moja. Marehemu mke wangu alisema ni kwa sababu wakati huo wameshaoana. Mimi sina maelezo bora.

Andika sentensi tano. Tumia vitu unavyoviona.

Si kweli kwamba nilifukuza kuku. Alikuwa jogoo mmoja, na alielewa.

Mwalimu mstaafu


Tarehe 21 Machi

Kwa Baba mkwe,

Shikamoo Baba, na asante mpaka nimekosa pa kuiweka.

Nimeubandika ukurasa wako ukutani juu ya beseni la kufulia. Nafua nepi huku naimba longior, longioris, na nikikamua ndio nafika kwenye wingi, maana longioribus ni neno la kukamulia, linataka nguvu. Jirani wa juu ameteremka kuniuliza ni kanisa gani hilo. Baba Kibonge naye alirudi akanikuta.

"Unaongea na nani?"

"Na nepi."

"Zinajibu?"

"Zimeanza."

Akanishika paji la uso kuona kama nina homa, akaenda kuoga.

Sentensi zangu ndizo hizi, zote za vitu ninavyoviona:

1. Infans maior est quam feles. Mtoto ni mkubwa kuliko paka.
2. Caput infantis durius est quam mensa. Kichwa cha mtoto ni kigumu kuliko meza. (Alijigonga jana. Iliyolia ni meza.)
3. Clamor infantis longior est quam pluvia. Kelele za mtoto ni ndefu kuliko mvua.
4. Manus patris nigriores sunt quam nox. Mikono ya baba yake ni myeusi kuliko usiku. Ni grisi, Baba, haitoki hata Jumapili.
5. Haec herba differt foliis longioris. Mmea huu unatofautiana kwa majani marefu zaidi.

Ya tano ndiyo najivunia. Ni kama kwenye lebo kabisa. Na sikia inavyoimbana: foliis, longioris. Kama vitabu vizuri.

Mama Kibonge


Tarehe 30 Machi

Kwa Mama wa mtoto,

Marahaba.

Unajivunia ile uliyokosea. Ni foliis longioribus. Kiswahili ni kwaya: kiongozi akianza na vi-, wote wanapokea vi-. Kilatini wanafuata wimbo ule ule, lakini kila mmoja kwa sauti yake. Usitafute kuimbana. Uliza tu: jani liko hali gani, moja au mengi? Kivumishi kiwe hapo hapo, hata kama masikioni hakifanani nalo. Kwa kosa hilo usione aibu. Kila aliyelelewa kwa Kiswahili huingia hapo, na mimi niliingia.

Sasa zile nyingine.

Ya kwanza, sarufi sahihi, ukweli dhaifu. Paka gani? Kuna paka na paka. Taja uzito.

Ya pili, durius ni sahihi kabisa, maana kichwa ni cha jinsia ya kati. Aligonga upande gani? Mlimtazama macho baadaye? Nauliza kwa ajili ya msamiati. Jicho ni oculus.

Ya tatu, sahihi. Analia saa ngapi hasa? Nauliza kwa ajili ya neno hora, saa.

Ya nne, nigriores ni sahihi. Sabuni ni sapo.

Liko jambo moja la kitaalamu linalonikwamisha. Infans ni asiyesema bado, awe wa kiume au wa kike. Ili nikupe neno linalofuata, puer kwa mvulana au puella kwa msichana, lazima nijue unahitaji lipi. Barua zako nimezisoma zote upya nikitafuta. Kiswahili hakisemi, "mtoto" tu, "mjukuu" tu. Ulinganishi nao, kama nilivyokueleza mimi mwenyewe, hausemi. Nimefungwa kwa kamba yangu. Tafadhali jibu mapema, somo lisichelewe.

Mwalimu mstaafu


Tarehe 7 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo.

Puella.

Nilikaa na barua yako kwenye meza ya kushonea nikacheka mpaka nikadondosha sindano kwenye mmea wa watu. Halafu kidogo nikalia, maana sikujua kama hujui. Nilidhani mtu amekwambia. Nani angekwambia? Basi ni puella, Baba, na paji la uso ni lako. Sisemi mimi, anasema baba yake. Akimwogesha, maji yakimpanda mtoto akakunja uso, anamwambia, "Haya Mwalimu, usinipe adhabu."

Kwa ajili ya msamiati: aligonga upande wa kushoto, macho tulimtazama, yote mawili yalikuwa yanatafuta chakula. Kulia analia jioni tu, na ni kwa sababu ya meno. Yako mawili chini, na juu kuna kitu kimevimba ambacho nacho kitakuwa jino kikipenda.

Kuhusu paka, nimefanya kama ulivyoagiza. Ghalani tuna paka wa kukamata panya, na tuna mizani ya kupimia marobota ya karatasi. Nilimpandisha paka, akanikwaruza. Nikampandisha Kibonge, akakaa kama mkurugenzi. Mama Darubini akaja na kioo chake kusoma mshale. Anamzidi paka, na ukimwongeza paka mwingine wa ukubwa ule bado anawazidi. Kwa hiyo: Puella gravior est quam feles. Gravior quam duae feles, kama duae ni sawa.

Kusema, anasema neno moja, ba. Maana yake ni baba, na bakuli, na basi. Nimemwambia kuna neno lingine linaloanzia hapo hapo.

Mwanao tulipokuwa tunakula alifungua redio iliyoharibika, akashindwa, akasema, "Mzee angejua hii." Kisha akainama kwenye sahani kama hakusema kitu. Nami sikusikia kitu.

Mtihani ni mwisho wa mwezi.

Mama Kibonge


Tarehe 15 Aprili

Kwa Mama Kibonge,

Marahaba.

Puella. Nimelisoma. Ni neno zuri na linanyambuka vizuri. Duae ni sawa.

Meno ya juu yakitoka mpeni kitu kigumu cha kutafuna, kisafi, kisichovunjika. Mwanangu mwenyewe alitafuna ukingo wa kamusi yangu kwenye herufi M, na hapo mpaka leo nasoma kwa kukisia.

Sasa wakaidi. Kuna maneno yasiyofuata njia: bonus, zuri, huwa melior, malus, baya, huwa peior, magnus huwa maior (hilo ulishalitumia), parvus huwa minor. Hayaulizwi kwa nini. Hata hivyo viatu ni vile vile: melioris, meliori, meliorem.

Nina lawama moja. Sentensi zako zote zinacheka. Ukiwa nazo darasani mtu hawezi kukaa makini. Mtihani hautacheka. Lazima uyazoee na maneno mengine. Nakupa manne: levis, -epesi, tristis, -enye huzuni, longus, lakini si kwa kelele tena, na malus. Andika sentensi nne, fupi, bila hadithi pembeni. Hadithi zako ndefu zinakupotezea muda wa kusoma.

(Huo ni ushauri wa kabla ya mtihani. Baadaye unaweza kuendelea nazo.)

Mwalimu mstaafu


Tarehe 22 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo. Leo sina hata dakika, naandika nimesimama. Nimetii, bila hadithi.

1. Infans hodie levior est quam heri. Mtoto leo ni mwepesi kuliko jana.
2. Nox longior est quam dies. Usiku ni mrefu kuliko mchana.
3. Vox infantis peior est. Sauti ya mtoto ni mbaya zaidi.
4. Mater tristius est. Mama ana huzuni zaidi.

Mama K.


Tarehe 26 Aprili

Mama Kibonge,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Mtoto ana nini. Tangu lini anapungua. Anashika kitu tumboni au kinatoka. Homa ipo. Sauti mbaya namna gani, ya kukauka au ya kifua? Mpeni maji kidogo kidogo kwa kijiko. Msimfunike sana. Mpelekeni hospitali msingoje mtu aseme itapita, na huyo mume wako aache magari ya watu. Kwa nini umeandika mistari minne tu, kwa nini hukusema wazi? Mmelala lini? Usikae na huzuni peke yako, wewe bado mtoto na wewe.

Nakwenda posta nikaiweke hii. Haifai kungoja majibu.

Babu yake


Tarehe 3 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo Baba.

Barua yako ya tarehe 26 imefika leo. Wewe mwenyewe uliitangulia ukaja ukaondoka, na yenyewe ndiyo kwanza inatua mezani kwangu kuuliza mtoto ana nini. Nimeisoma mara nyingi. Sijawahi kuandikiwa barua nzuri hivyo, na haina hata kivumishi kimoja kilichopangwa.

Baba, mambo yalienda mbio siku ile, kila mtu akabaki na lake. Acha nikueleze nilivyoyaona mimi.

Nilikuwa nashona. Kibonge yuko kwenye boksi kubwa la karatasi chini ya meza, Mama Darubini anamruhusu. Nikasikia mlangoni mtu anahema, sauti inasema, "Yuko wapi mgonjwa?" Mama Darubini akakujibu bila kuinua macho, "Mzee, humu wagonjwa wote walishakauka." Nikatoka. Nikaona paji la uso. Hukuhitaji kujitambulisha.

Ulisema, "Mimi ni yule." Ukaona boksi. Ukapiga magoti na koti lako, na chupa ya maji ya moto kwapani, ukamtazama Kibonge, naye akakutazama, akakupiga na karatasi, akasema, "Ba."

"Huyu ndiye mgonjwa?" ukauliza.

"Baba, hakuna mgonjwa."

"Umeandika levior."

"Ni jana yake tulimpima na nepi iliyolowa."

"Nox longior?"

"Si ni meno."

"Sauti?"

"Alikuwa ameanza kuigiza lori la baba yake."

Hapo nikacheka. Nisamehe, Baba, kilinitoka chenyewe. Nilikuwa nakuona na ile chupa. Nawe ukaanza kufunga vifungo vya koti, na mimi nikafikiri umeona nimekuvuta kwa hila. Naapa si hila. Maneno yale manne ulinipa wewe mwenyewe, ukasema bila hadithi. Na ile ya nne niliikosea, nimekuja kugundua baadaye: mama si wa jinsia ya kati, ilikuwa tristior. Hukuisahihisha. Wewe, Baba, uliyesahihisha mpaka paka. Nilipoona kwamba hukuisahihisha ndipo nikaelewa ulikuja na moyo gani.

Kosa langu ni kumpigia simu Baba Kibonge nikasema, "Njoo upesi, babu amekuja," kisha simu ikakata. Alikimbia kutoka gereji na spana mkononi. Mkasimama mkitazamana mlangoni, koti na ovaroli.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mtoto ni mzima."

"Ni mzima. Nani kasema mgonjwa?"

"Mke wako. Kwa Kilatini."

Akanigeukia. "Wewe unajua Kilatini?"

"Kidogo. Ulinganishi."

Kibonge alikuwa mikononi mwako, akamrukia baba yake, akamshika uso, kisha akakurudia wewe akakushika shati kwa mikono ile ile, sasa ina grisi ya baba yake. Ukaliangalia shati. Ukamwangalia mwanao. Nikaona midomo yako inatafuta neno. Ukasema, "Basi langu linaondoka." Ukaweka chupa juu ya meza, ukatoka.

Baba Kibonge akasema, "Kaja kwa mtoto. Mimi kanikuta njiani tu." Tangu siku hiyo anafunga na kufungua ile redio.

Ndiyo hivyo anavyoamini, Baba. Sijui nimwambie nini. Chupa yako tunaitumia.

Mtihani nilifanya. Waliniwekea mimea miwili inayofanana nieleze tofauti. Niliandika foliis longioribus, floribus minoribus, nikahesabu viatu, nikatulia. Meza ya Mzee Lebo nimepewa mimi. Kibonge boksi lake limehamia chini ya hiyo.

Mama Kibonge


Tarehe 10 Mei

Kwa mke wa mwanangu,

Marahaba, na hongera. Floribus minoribus. Nimesoma kwa sauti, nikiwa peke yangu sebuleni, mara mbili.

Sikuondoka kwa hasira, wala sikufikiri habari ya hila. Mtu mwenye hila angeandika tristior.

Nieleze na mimi. Niliposoma mistari yako minne nilivaa koti nikaenda posta, na kutoka posta nilipaswa kurudi nyumbani. Miguu ikaenda stendi, na dukani pale nikajikuta nimenunua chupa. Njia nzima nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia mwanangu endapo mtoto atakuwa vibaya, na mengine endapo atakuwa nafuu. Sikuandaa ya mtoto mzima mwenye mashavu. Hilo halikunijia. Nilipofika nikamkuta anapiga watu na karatasi, maneno yangu yote yalikuwa ya siku nyingine.

Kisha yeye akaja anakimbia. Miaka hii yote, nikimfikiria, nilimwona akiwa ameketi anabishana. Sikuwahi kumwona akikimbilia mtoto. Nikataka kusema jambo. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote na sijawahi kukosa la kusema, waulize wanafunzi. Pale nilikosa. Basi lilikuwa la jioni. Lilikuwa bado sana kuondoka. Nilikaa stendi mpaka likajaa, na lilipoondoka, breki zake zilipiga mayowe kila kona, watu wakawa wanashika viti. Mimi sikushika. Nilikuwa nalitazama shati.

Nimelifua kwa sapo. Haitoki. Sijasugua sana.

Sasa nakuomba umfikishie fundi ujumbe wa kisarufi. Katika masomo yetu nimekuonyesha maneno yanayopanda: zuri, zuri zaidi. Yako maneno yasiyopanda. Meus, wangu, ni mojawapo. Lina viatu vyake vyote, meus, mei, meo, meum, lakini halina ngazi. Mtu hawezi kuwa wangu zaidi akiwa na cheti, wala wangu kidogo akiwa na spana. Mimi nililifundisha hilo miaka mingi kwa watoto wa watu. Mwambie kwa Kiswahili. Nilikuja kwa mtoto, hiyo ni kweli, lakini niliyekosa neno la kumwambia ni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgumu kumtazama bila kulia mbele ya yule mama mwenye kioo.

Mpe mtoto kidole changu, yaani chako kwa niaba yangu. Anapenda kukishika.

Baba yenu


Tarehe 16 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo Baba. Mimi siandiki barua, unajua, kwa hiyo usitazame mwandiko, na alama za uandishi tumia unazotaka.

Mama Kibonge amenisomea yako. Amenieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kilatini, kisha akashindwa akalia, kwa hiyo nimeelewa. Nilitoka nje kidogo nikaangalia gari la mteja. Halikuwa na tatizo. Nikarudi.

Na mimi siku ile nilikuwa na la kusema. Nilitaka kukwambia ukae. Neno lenyewe ni fupi hivyo, sijui lilikwama wapi. Wewe ulisema basi langu, na mimi nikasogea mlangoni kukupisha, kama konda. Nimejilaumu siku zote hizi. Basi tumeshakuwa sawa, wote tulikosa neno, Mama Kibonge anasema hata kukosa tunakosa kwa kufanana.

Kwa hiyo nalisema sasa. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo, Baba, na ukae. Kitanda kipo, tumekitoa stoo, mguu mmoja mfupi kuliko mingine nimeuwekea bati. Mke wangu ameshamwambia jirani wa juu kwamba kanisa lake linaleta mchungaji. Kibonge amesimama juzi kwa kushika ovaroli yangu, akaachia, akakaa chini, akatupigia makofi sisi. Nisingependa uyasikie haya kwa posta.

Kuna redio hapa imenishinda. Nasema tu.

Lile basi lenye breki za mayowe nalijua, ni la bluu, taa moja imefungwa kwa waya. Nimelifuata stendi mwenyewe, nikamwambia mwenye gari alilete gereji. Nililala chini yake Jumatano yote. Zilikuwa zimekwisha kabisa, Baba, nimezitupa mbali, nikifikiri ulikuwa umekaa juu yake. Nimefunga mpya, nimelijaribu mlimani, linasimama kama limeitwa jina.

Panda hilo. Dereva nimemwonyesha picha yako, amesema atakuweka mbele.

Mwanao,
Fundi